Treni ya mfano ya sikukuu ya Uhuru: jibu kwa kikundi cha vijana wa Kirumba

Swali: "Sisi ni kikundi cha vijana wa mtaa, Kirumba, Mwanza. Ndugu yetu aliyeko Ujerumani ametuletea seti ya treni ya mfano ya kipimo cha HO: kichwa kimoja cha umeme, mabehewa manne ya abiria, reli za kutengeneza mzunguko na kidhibiti chake. Tunataka kuionyesha ukumbini kwa siku tatu, hadi tarehe 9 Desemba, ikiwa imevikwa rangi za bendera na mandhari ya Mwanza. Tunayo karatasi moja ya plaiwudi. Umeme hukatika, ukumbi uko karibu na ziwa na madirisha yake ni ya nondo na nyavu tu. Mwenye duka aliyetuchangia anaomba jina lake liandikwe juu ya bendera kwenye behewa. Tuanzie wapi?"

Jibu:

Ndugu zangu, anzieni kwenye reli na umeme, rangi zije mwisho. Watu watakaoingia ukumbini siku ya Uhuru watavumilia mlima usiokamilika, lakini treni ikikwama kila mzunguko wa tatu hawatakaa hata dakika mbili. Kazi yenu kubwa ni kuifanya treni ile itembee polepole, mchana kutwa, kwa siku tatu mfululizo, bila mtu kuisukuma kwa kidole.

Geuzeni kwanza kipande kimoja cha reli mkitazame. Kama katikati ya mataluma, vile vipande vya kukatiza vinavyobeba reli, kuna vinundu vidogo vya chuma, hiyo ni seti ya kampuni ya Märklin, na umeme wake si sawa na wa HO ya kawaida ya reli mbili. Kisha someni kibandiko cha kidhibiti. Kikiwa na kirungu kimoja cha kuongeza na kupunguza mwendo, na kimeandikwa DC na volti kama 12 au 14, seti yenu ni ya analogi na kila nitakachosema kuhusu betri kinawahusu. Kikiwa na vitufe vya kuchagua namba ya kichwa, ni ya kidijitali: msiunganishe betri moja kwa moja kwenye reli zake hata kidogo, na Märklin vilevile. Hizo mtazilinda kwa inveta au UPS ya kompyuta, basi.

HO ni kipimo cha 1:87, na nafasi kati ya reli zake ni milimita 16.5. Zidisheni 16.5 kwa 87 mtapata milimita 1435 na nusu, yaani upana wa SGR, reli yetu mpya ya kisasa. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ina upana wa mita 1, ambao kwa kipimo hicho ungekuwa milimita 11.5 tu. Maana yake ni kwamba seti yenu, yenye kichwa cha umeme, inafaa sana kusimulia SGR, na haifai kusimulia treni ya mwaka 1961. Msihangaike kukigeuza kichwa cha Kijerumani kuwa garimoshi la zamani. Iteni treni yenu ya SGR, kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, na historia ya Uhuru ibebwe na mabehewa. Wazee waliofanya kazi reli watakuja kuangalia, na hao ndio wa kwanza kugundua upana usiolingana.

Meza. Karatasi ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Chukueni ya unene wa milimita 12, chini yake wekeni fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, na viungo vya kukatiza kila sentimita 40. Bila fremu itapinda katikati usiku wa kwanza, na behewa litaacha njia asubuhi mahali palipokuwa sawa jana yake. Pakeni rangi ya mafuta pande zote mbili na kingoni, siku nne au tano kabla. Watu wengi hupaka upande wa juu tu. Unyevu wa ziwa huingia upande wa chini, upande mmoja unavimba, ubao unajikunja. Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu, kwa hiyo hili halina mjadala. Kimo cha meza kiwe sentimita 80 hivi, ili mtoto wa darasa la pili aone bila kuning'inia.

Pimeni kona za reli zenu kutoka katikati ya duara hadi katikati ya reli. Seti nyingi za HO huja na nusu kipenyo cha milimita 360. Mkipata kona za milimita 437.5, tumieni hizo. Mabehewa marefu kwenye kona ya 360 huingiza tumbo ndani ya kona na kutoa ncha nje, yakagonga kila kilicho karibu. Kwa kona za 437.5 upana wa mzunguko ni sentimita 87.5, mnabaki na kama sentimita 17 kila upande wa meza. Nyoosheni pande ndefu kwa mita 1.2 na mzunguko mzima utakuwa mita 5 na kidogo. Hiyo inatosha. Msiongeze swichi za njia panda wala mlima wa kupanda. Kila swichi ni mahali pa ziada pa kukosa umeme, na kupanda kwa zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita kutakifanya kichwa chepesi kizungushe magurudumu bila kwenda.

Unganisheni reli kwa kuzisukuma hadi zishikane, kisha pitisheni ukucha juu ya kila kiungo. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Mahali pawili, mkabala, acheni mwanya mwembamba wa unene wa kadi ya simu ili reli zipate pa kutanuka mchana ukumbi ukipata joto. Skrubu za kushikilia reli msizikaze hadi mwisho: taluma likibonyea katikati, reli mbili zinasogeleana na magurudumu yanapanda juu.

Sasa umeme. Seti nyingi zina sehemu moja tu ya kuingiza waya. Kwenye mzunguko wa mita 5, upande wa mbali hupokea umeme uliopita kwenye viungo vingi, na treni hupunguza mwendo kule kila mara. Watu hudhani kichwa kimechoka. Mpeni fundi redio vipande viwili vya reli achomee waya wa milimita za mraba 0.75 kwa risasi ubavuni mwa reli, upande wa nje kwa reli ya nje na upande wa ndani kwa reli ya ndani, pasipoguswa na gurudumu. Kimoja kiwe mbele, kingine nyuma ya meza. Waya mwekundu uende reli ya ndani mahali pote pawili, mweusi reli ya nje. Mkikosea upande mmoja ni shoti papo hapo.

Kwa kukatika kwa umeme, seti ya analogi ni rahisi mno. Betri ya volti 12, saa-ampea 7, ile iliyofungwa ya kengele za ulinzi na UPS, pamoja na kidhibiti kidogo cha mwendo wa mota za DC kutoka kwa mafundi wa sola, vitaendesha kichwa cha HO kinachokula nusu ampea kwa saa saba hivi bila kuimaliza betri zaidi ya nusu. Mimi ningeendesha onyesho zima kwa betri, na umeme wa ukutani ukachaji betri ya pili. Treni haitajua kama umeme umekatika. Sharti ni moja: fyuzi ya ampea 2 iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Betri haina huruma. Behewa likiacha njia na kuunganisha reli mbili kwa chuma chake, bila fyuzi waya utayeyuka juu ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta. Chomoeni pia chaja radi zikianza.

Mwendo. Kilomita 60 kwa saa kwa kipimo cha 1:87 ni sentimita 19 kwa sekunde, yaani sekunde 27 kumaliza mzunguko wenu. Shikeni saa mkononi, wekeni alama ya tepu kwenye kirungu mahali hapo, na asiyekuwa mwendeshaji asikiguse. Treni ya SGR yenye kasi ya kilomita 160 ingemaliza mzunguko huo kwa sekunde 10. Ni sahihi kwa hesabu, lakini hakuna atakayesoma kilichoandikwa kwenye behewa.

Tuje kwenye bendera, ambako maonyesho mengi huharibika.

Msipake rangi mabehewa yenyewe. Tengenezeni vazi la karatasi. Pimeni ubavu wa behewa, ambao kwa HO ni takriban sentimita 3 kwenda juu na sentimita 24 hadi 28 kwa urefu, chapisheni kwenye karatasi ya picha isiyong'aa, kateni kwa wembe na rula ya chuma, na shikizeni kwa tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Gundi na selotepu huacha utando kwenye plastiki. Vazi lisishuke chini ya sakafu ya behewa, kwa sababu magurudumu hugeuka kwenye kona na yatalikwaruza. Madirisha yachapisheni humohumo kwenye vazi.

Bendera ya Tanzania ina uwiano wa 2 kwa 3. Kwa ubavu wa sentimita 3 bendera yenu itakuwa na urefu wa sentimita 4.5, wala haizidi hapo. Kuivuta ienee behewa zima la sentimita 26 kunaufanya mkanda mweusi ulale karibu sambamba na reli, na hiyo si bendera yetu tena. Mkitaka behewa zima lijae rangi, tumieni milia ya mlalo kama rangi ya shirika la reli, kisha bendera kamili ikae katikati kwa vipimo vyake. Bluu yake ni ya samawati nyepesi. Mashine nyingi za stesheneri huitoa nzito. Kwenye kompyuta wekeni kijani 1EB53A, njano FCD116, bluu 00A3DD, na chapisheni kipande cha majaribio kabla ya kulipia seti nzima.

Kisha kuna upande wa kulia na upande wa kushoto, jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea. Upande wa mlingoti wa bendera huelekea mbele ya chombo kinachokwenda, kama vile bendera inapeperushwa na mwendo. Ukitazama ubavu wa kushoto wa treni, mbele yake iko kushoto kwako: hapo bendera ni ile mliyoizoea, kijani juu kushoto, bluu chini kulia, mkanda mweusi ukipanda kutoka chini kushoto. Ukitazama ubavu wa kulia, mbele iko kulia kwako, kwa hiyo picha lazima igeuzwe kama kwenye kioo: kijani juu kulia, bluu chini kushoto. Mkichapisha picha ileile pande zote mbili, upande mmoja bendera itaonekana inapepea kuelekea mbele ya treni. Geuzeni bendera peke yake, maandishi yasigeuzwe. Vinginevyo neno UHURU litasomeka kinyume. Na endesheni treni kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, ili watazamaji waliosimama mbele ya meza waone ubavu wa kushoto unapopita karibu yao.

Mabehewa manne yanatosha kwa simulizi. La kwanza lipewe bendera ya Tanganyika na mwaka 1961: milia ya mlalo ya kijani, njano, nyeusi, njano, kijani. Watoto wengi hawajawahi kuiona, na hiyo ndiyo bendera iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961. La pili lichukue bendera ya sasa na mwaka 1964. La tatu lichukue reli yenyewe: 1928 treni kufika Mwanza, 1977 kuanzishwa kwa Shirika la Reli Tanzania baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, 2024 treni za umeme za SGR kuanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. La nne liachieni ziwa. Kwa kuwa Mwenge uliwekwa kileleni Kilimanjaro usiku ule wa Uhuru, unastahili nafasi pia: taa moja ya LED ya njano na betri ya kifungo ya volti 3 juu ya behewa bapa, kama mtapata la ziada. Upimeni urefu wake kabla haujapita chini ya kitu chochote.

Kuhusu mchangiaji: kataeni kwa heshima. Bendera haiandikwi jina la duka, wala haitiwi picha ya mtu, na matumizi ya nembo za taifa kwa biashara yana sheria yake, Sheria ya Nembo za Taifa. Jina lake liwekwe kwenye ubao mzuri ubavuni mwa meza, "Kwa hisani ya", herufi kubwa. Hapo litasomwa vizuri zaidi kuliko kwenye karatasi ya sentimita 3 inayokimbia. Wimbo wa Taifa nao usiwe muziki wa kusindikiza treni. Ukipigwa, simamisheni treni, watu wasimame wima, kisha mwendelee.

Mandhari ya Mwanza ni mawe na maji. Msiweke mawe halisi makubwa; yataifanya meza iwe nzito bure. Chongeni povu jeupe la kufungia friji, lifunikeni kwa unga wa jipsamu wa mafundi wa dari uliokorogwa mzito kama uji wa mtoto, na likiwa bichi lipapaseni kwa karatasi ya alumini iliyofinyangwa. Mawe yetu ni ya mviringo, yamepandana, rangi ya kijivu yenye wekundu kidogo, na yana michirizi meusi ya wima mahali maji ya mvua yanapoteremka. Michirizi hiyo ndiyo itakayomfanya mtu wa Capri Point aseme "hapa ni kwetu": rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi, idondosheni juu na iacheni ishuke yenyewe. Jiwe la mita 15 kwa kipimo chenu ni sentimita 17. Jiwe la Bismarck likae majini kona ya mbele. Ziwa lipakeni kijani chenye ukijivu, bluu kidogo tu mbali na ufuko, kisha vanishi ya kung'aa mara tatu, kila tabaka likauke kwanza.

Daraja la Kigongo–Busisi mtataka kuliweka, na ni haki yenu, lakini kumbukeni ni la barabara. Treni isipite juu yake. Lichoreni kwenye ubao wa nyuma. Kilomita 3 kwa kipimo cha HO zingekuwa mita 34. Badala yake, kama mna nguvu ya kuongeza kitu kimoja, ongezeni Bandari ya Mwanza Kusini na MV Umoja, meli inayobeba mabehewa ya mizigo kuvuka ziwa kwenda Port Bell. Kateni manila, tengenezeni mlango wa kupakilia na sehemu ya sitaha tu, na kipande cha reli kisichounganishwa na umeme kikiingia ndani na behewa moja au mawili. Si miji mingi Tanzania inayoweza kuonyesha treni ikipanda meli ziwani hivi.

Nguzo za umeme za SGR zifanyeni kwa vijiti vya mishikaki, sentimita 9 juu ya reli, kila baada ya sentimita 30. Wekeni nguzo tu, waya msivute: siku behewa litakapoacha njia, mkono lazima ufike bila kung'oa kitu. Kwenye mstari ulionyooka nguzo iwe sentimita 4 kutoka katikati ya reli, kwenye kona 5.5. Kabla ya kugandisha, pitisheni behewa refu kuliko yote kwa mkono.

Fanyeni majaribio siku mbili kabla, saa mbili mfululizo. Behewa likianguka mahali palepale kila mara, kosa ni la reli. Likianguka lilelile kila mahali, kosa ni la behewa: pimeni nafasi kati ya migongo ya magurudumu, iwe takriban milimita 14.4. Angalieni pia uzito. Behewa la sentimita 25 linapaswa kuwa na gramu 165 hivi. Likiwa jepesi, gandisheni nati za chuma sakafuni, katikati, chini kabisa. Bendera ndogo za vijiti juu ya paa hazifai, kwani humpa behewa jepesi sababu ya kulala.

Ziwa lenyewe litawasumbua zaidi jioni. Wadudu wadogo wa ziwani huja kwenye taa kwa maelfu, wanasagwa kwenye reli, na ute wao hukata umeme kuliko vumbi. Taa ya ukumbi iwekeni mbali na meza, na giza likiingia simamisheni treni, funikeni meza kwa shuka safi. Asubuhi na adhuhuri futeni reli kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilichofungwa kwenye kipande cha mbao na kuloweshwa spiriti ya duka la dawa. Spiriti nyingine zina mafuta ndani: dondosheni tone kwenye kioo, likikauka na kuacha utando, tafuteni nyingine. Msitumie msasa, maana unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu haraka, wala steelwool, ambayo nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota. Magurudumu ya kichwa yasafisheni kwa kulaza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, nusu ya kichwa ikae juu yake, nusu kwenye reli yenye umeme, mkikishika kwa mkono huku kikizunguka.

Kichwa ni kimoja, basi kihurumieni: dakika 20 kazi, dakika 10 mapumziko, na katika mapumziko hayo mmoja wenu aeleze watu bendera ya behewa la kwanza. Kikiwa cha moto mkononi, ongezeni mapumziko. Tone moja la mafuta mepesi yasiyoharibu plastiki kwenye ekseli linatosha kwa siku zote tatu; mafuta ya kupikia yatageuka gundi.

Zungushieni meza plastiki ngumu ya uwazi yenye kimo cha sentimita 20, na kamba sentimita 60 mbele yake. Usiku wa tarehe 9 vueni mavazi ya karatasi kabla ya kufungasha, maana tepu ikikaa wiki nzima kwenye joto hung'oka na rangi, na kichwa kirudi kwenye boksi lake kikiwa kikavu.